Mbiu ya Mashine

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hawakusema ni jambo gani. Mbiu yaita tu. Ni juu ya asikiaye kwenda uwanjani akajue kama kuna vita, msiba, au amri ya mwenye mji. Mtu akimbiaye nyumbani kufunga mizigo yake kabla ya kufika uwanjani ameisikia mbiu kwa masikio yake, lakini hakuielewa. Katika insha hii nataka kueleza habari za mbiu nyingine, ndogo kuliko pembe na changa kwa umri: mlio utolewao na kompyuta iwashwapo nayo ina kasoro ndani yake. Mlio huu una historia, na pasipo historia hiyo maana yake haisomeki sawasawa.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na yafaa nieleze kwa nini nimeingia katika shughuli ya mafundi. Katika idara moja niliyopata kufanya kazi palikuwa na seva kuukuu, yaani kompyuta ihudumiayo kompyuta nyingine, iliyotunza sauti za wazee waliosimulia ngano, nyimbo za kazi na desturi za miji yao. Wengi wa wazee hao walikuwa wamekwisha fariki dunia. Asubuhi moja, baada ya umeme kukatika usiku, seva iliwashwa ikakataa kuamka. Kioo chake kilikuwa cheusi. Ililia mara moja, ikanyamaza. Mara tatu, ikanyamaza. Mara nne, ikanyamaza. Kisha mara moja. Kila ilipozimwa na kuwashwa tena ililia vile vile. Mkubwa mmoja wa ofisi alikata shauri pale pale kwamba diski zimekufa, akaamuru zitolewe zikatupwe, na nyingine mpya zinunuliwe. Nakala kamili ya sauti zile haikuwako mahali pengine popote.

Fundi aliyeitwa kuja kuzing'oa diski alikuwa kijana mpole. Aliomba kwanza asikie. Alisimama kando ya mashine ameinamisha kichwa, akihesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Mwalimu, hii haijafika kwenye diski. Imekwama kwenye kumbukumbu." Nilimwuliza amejuaje. Akajibu, "Imesema yenyewe."

Jibu hilo lilinishughulisha kwa muda mrefu. Mashine isiyoweza kuonyesha hata herufi moja kiooni iliwezaje kusema? Tena ilisema nini hasa? Nilitafuta, na niliyoyapata ndiyo haya.

Kusikiliza kitu ili kujua ugonjwa wake ni elimu ya zamani kuliko umeme. Mwaka 1761 Leopold Auenbrugger, tabibu wa Vienna, alichapisha kitabu kilichofundisha namna ya kugonga kifua cha mgonjwa kwa ncha za vidole na kusikiliza kama sauti ni ya mahali penye hewa au mahali penye maji. Mwaka 1816 René Laennec, katika hospitali ya Necker mjini Paris, alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani mwa mgonjwa na upande wa pili sikioni mwake; huo ukawa mwanzo wa kipimo wanachovaa madaktari shingoni hata leo. Matabibu hawa walijua jambo ambalo nitalirudia mbele. Sauti haiutaji ugonjwa kwa jina. Sauti yaonyesha hali ya mahali, na tabibu hulipata jina la ugonjwa kwa kuunganisha anachosikia na anachojua juu ya umbo la mwili.

Kompyuta nazo zilianza kusikilizwa tangu utoto wao. Mwezi wa Februari 1951 mashine iitwayo Ferranti Mark 1 ilifikishwa katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, na Alan Turing akaiandikia kitabu cha mwongozo. Mashine hiyo ilikuwa na spika iliyoitwa honi. Amri moja ya honi ilitoa mdundo mmoja mdogo tu. Lakini amri ile iliporudiwa upesi upesi, midundo ilishikana ikawa sauti moja ndefu. Waendeshaji waliitumia kujulishwa kwamba kazi imekwisha au kwamba kosa limetokea. Christopher Strachey akaifanya mashine hiyo kupiga wimbo wa taifa wa Uingereza, na mwaka ule ule wa 1951 BBC ikarekodi muziki wake. Rekodi hiyo ilitengenezwa upya mwaka 2016 na Jack Copeland na Jason Long. Huko Sydney, Australia, mashine ya CSIRAC, iliyoanza kufanya hesabu mwaka 1949, nayo ilikuwa na spika. Basi tangu siku za kwanza mwanadamu aliona kwamba macho hayatoshi kuilinda kompyuta, akaitafutia njia ya kufika masikioni mwake.

Hata hivyo, milio ya Manchester na Sydney ilitoka kwa amri ya mtu aliyeandika programu. Mashine ilisema ilichoambiwa iseme. Hatua ya pili ilikuwa kubwa zaidi, nayo ni mashine kujipima yenyewe kila iamkapo na kutoa habari ya upungufu wake kabla ya kupewa kazi yoyote. Hatua hiyo haikuzuliwa na mtu mmoja wala mwaka mmoja, lakini umbo lake linalojulikana na wengi lilienea duniani kwa njia ya kompyuta ndogo ya IBM, iliyotangazwa mjini New York tarehe 12 Agosti 1981. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel iitwayo 8088, na chipu za kumbukumbu isiyofutika, ambamo programu ya kuamshia mashine iliandikwa. Programu hiyo ndiyo Bayosi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvikagua viungo vya mashine kimoja baada ya kimoja.

Hapa ndipo tunapofahamu kwa nini mlio ulichaguliwa. Ili neno moja lionekane kiooni, lazima viungo vingi viwe vizima kwa wakati mmoja: kadi ya picha, kumbukumbu ya kadi hiyo, waya, na kioo chenyewe. Ili mlio utoke, vyatosha vichache: prosesa iweze kufuata amri, chipu ya kuhesabu muda iwe hai, na spika ndogo iwe imeunganishwa. Chipu ile ilipokea mapigo zaidi ya 1,190,000 kwa sekunde. Bayosi iliyagawa kwa 1,331, na sauti ya mitetemo kiasi cha 896 kwa sekunde ikatoka. Hiyo ndiyo sauti kavu ambayo kila aliyetumia kompyuta za zamani anaikumbuka. Haikuchaguliwa kwa uzuri wake. Ilichaguliwa kwa sababu mjumbe wa habari za msiba hafai kuwa yule ambaye msiba wenyewe waweza kumwua kwanza.

Msamiati wa milio ya IBM ulikuwa mfupi. Mlio mmoja mfupi ulikuwa salamu ya uzima. Mmoja mrefu na mmoja mfupi ulielekeza kwenye bodi kuu. Mmoja mrefu na miwili mifupi, kwenye kadi ya picha. Mlio usiokoma, au mifupi iliyofuatana bila kwisha, ulielekeza kwenye kifaa kinachogawa umeme. Kimya nacho kilihesabiwa kuwa neno, nalo lilikuwa zito kuliko mengine. Ikiwa picha ilikwisha patikana, Bayosi iliacha kulia ikaandika namba: 201 kwa kumbukumbu, 301 kwa kibodi, 601 kwa diski laini.

Mtu akiishia katika kukariri orodha hii atakuwa amejifunza msamiati bila sarufi. Sarufi ya milio ni utaratibu wa mtihani. IBM ilichapisha maandishi yote ya Bayosi yake katika kitabu cha mafundi, na kwa hiyo utaratibu ule wasomeka wazi. Prosesa yatangulia kupimwa, kwa maana ndiyo mpimaji. Ikishindwa, yote husimama kimya, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kupiga mbiu. Ifuatayo ni chipu ya Bayosi yenyewe, ambayo maandishi yake hujumlishwa kuona kama hayakuharibika. Halafu sehemu ya kwanza ya kumbukumbu na chipu ya kuhesabu muda, halafu picha, halafu kibodi na kumbukumbu iliyosalia. Diski huja mwishoni. Kila kiungo kikishapita mtihani hutumiwa kupimia kiungo kifuatacho, kama fundi mwashi asimamavyo juu ya tofali alizozijenga jana ili aongeze nyingine leo.

Kutokana na utaratibu huo twapata kanuni moja ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha elimu hii. Mlio hausemi ni kitu gani kimekufa. Mlio wasema mtihani umekomea wapi. Yaliyotangulia mahali pale yamepimwa yakaonekana yanafaa. Yaliyo mbele ya mahali pale hayajapimwa kabisa, na hakuna ushahidi wowote juu yake, wa kuyasifu wala wa kuyashitaki.

Baada ya IBM walikuja wengine, na lugha ikagawanyika kuwa lahaja. Sheria ya haki za maandishi ilikataza kunakili Bayosi ya IBM, kwa hiyo kila aliyetaka kutengeneza kompyuta ya namna ile alilazimika kuandika yake. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ilianza kuuza Bayosi iliyoandikwa upya pasipo kunakili. Mwaka 1985 ikaanzishwa American Megatrends, maarufu kwa jina la AMI. Na Award nayo ikapata wateja wengi. AMI ilihesabu milio mifupi moja kwa moja: mitatu ilikuwa habari ya kumbukumbu ya mwanzo, mitano ya prosesa, minane ya kumbukumbu ya picha. Award ilishika mlio mmoja mrefu na miwili mifupi kwa kadi ya picha, kama IBM. Phoenix ilipanga milio yake kwa mafungu yenye vituo katikati. Fundi aliyezoea lahaja moja aliweza kupotea katika nyingine, kama msikilizaji wa Unguja awezavyo kupotewa na neno la Kiamu. Sisi wa Kiswahili tulikuwa na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu. Lahaja za milio hazikupata mkutano kama huo. Hata leo anayetaka kufasiri mlio lazima aulize kwanza: huyu ni wa ukoo gani?

Katika lahaja zote hizo, iliyonivutia zaidi ni ya Phoenix, kwa sababu mafungu yake hayakupangwa kiholela. Kila hatua ya mtihani ilikuwa na namba ya biti nane. Biti hizo ziligawanywa katika mafungu manne ya biti mbili mbili. Fungu la biti mbili laweza kuwa na thamani nne tu: sifuri, moja, mbili au tatu. Kwa kuwa sikio haliwezi kusikia sifuri, kila thamani iliongezwa moja, na milio ikawa kati ya mmoja na minne. Sasa tuirudie seva yetu: moja, tatu, nne, moja. Tukipunguza moja katika kila fungu twapata sifuri, mbili, tatu, sifuri. Kwa hesabu ya msingi wa mbili ni 00, 10, 11, 00. Na kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita ni 2C. Katika jedwali la Phoenix la toleo la nne, hatua ya 2C ni kasoro ya kumbukumbu katika mstari wa anwani, yaani mahali ambapo prosesa yaulizia chumba fulani cha kumbukumbu na haijibiwi sawasawa. Kijana yule hakubahatisha. Alisoma namba kwa masikio.

Namba hizo zilikuwa na njia nyingine ya kutokea. IBM ilipotoa kompyuta yake ya AT mwaka 1984, Bayosi iliandika namba ya kila hatua katika mlango wa ndani wenye anwani ya 80. Fundi aliyechomeka kadi ndogo yenye taa za tarakimu mbili aliweza kuona hatua ya mwisho kufikiwa, hata kama spika ilikuwa imekufa. Mlio na tarakimu vilikuwa matangazo mawili ya habari moja.

Seva zilipoongezeka, mbiu ilianza kupungukiwa na wasikilizaji. Compaq ilitoa SystemPro yake mwaka 1989, na katika miaka iliyofuata mashine za namna hiyo zikajazwa makabatini, makumi kwa makumi, katika vyumba vyenye baridi. Feni zake zavuma kama pepo za kusi. Mlio mdogo katika uvumi huo hausikiki. Na ukisikika, haijulikani ni wa mashine ipi. Aghalabu hata mtu wa kusikia hayupo, maana msimamizi yuko mji mwingine. Kwa ajili hiyo, mwezi wa Septemba 1998, Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC walitoa kanuni iitwayo IPMI. Kwa kanuni hiyo kompyuta ndogo sana huwekwa ndani ya seva. Hiyo hukaa macho hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme upo; huangalia joto, feni na umeme, na kuandika daftari la matukio lisomekalo kutoka mbali. Bayosi yenyewe ilianza kuachia nafasi mrithi wake, UEFI, ambaye baraza lake liliundwa mwaka 2005. Bodi nyingi za siku hizi zatoka kiwandani bila spika. Badala yake zina taa ndogo za prosesa, kumbukumbu, picha na diski, au tarakimu mbili zinazong'aa.

Sioni haja ya kuyalilia mabadiliko haya. Daftari la matukio laeleza mengi kuliko mlio: lataja saa, na mara nyingi hata tundu lenye kipande kibovu cha kumbukumbu. Lakini haki yadai tuseme pia kwamba daftari hilo lahitaji mtandao, neno la siri, na kompyuta nyingine nzima ya kulisomea. Mlio ulihitaji mtu mmoja aliyenyamaza. Kwa chuo chenye seva moja kuukuu na fundi mmoja, tofauti hiyo si ndogo.

Wala nisidai kwamba mlio haukosei. Kipande kizima cha kumbukumbu kilicholegea katika tundu lake, au chenye vumbi na kutu kwenye meno yake, hutoa mlio ule ule wa kipande kilichokufa. Umeme dhaifu waweza kuiangusha kumbukumbu isiyo na hatia. Ndiyo maana fundi mwema hauchukui mlio kuwa hukumu. Auchukua kuwa mahali pa kuanzia, kama Laennec alivyochukua sauti ya kifua.

Hivyo ndivyo alivyofanya kijana yule. Alichomoa umeme, akatoa vipande vinne vya kumbukumbu, akasugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, akavirudisha kwa zamu, akiwasha na kusikiliza kila mara. Vitatu vilipita. Kila kilipowekwa cha nne, mbiu ilirudi: moja, tatu, nne, moja. Alikiweka kando. Seva ikalia mara moja tu, mlio mfupi, na kioo kikapata nuru. Diski zilikuwa nzima. Jioni ile tulikaa ofisini tukasikiliza rekodi ya bibi mmoja akicheka kabla ya kuanza hadithi yake, na usiku huo huo tukaanza kutoa nakala.

Mkubwa yule hakuwa mtu mbaya, wala masikio yake hayakuwa na kasoro. Alisikia mlio ule ule tuliousikia sote. Kilichompotosha ni kwamba aliposikia habari ya msiba, alikichagua mwenyewe kiungo alichokiogopa kuliko vyote, akakihukumu. Hakujua kwamba katika utaratibu wa mtihani zamu ya diski ilikuwa haijafika. Alikuwa karibu kuzika sauti za wafu mara ya pili kwa kosa la shahidi ambaye hakuwa amehojiwa.

Wanafunzi wetu husoma historia ya maneno ili wafahamu maandishi ya kale. Huuliza neno limetoka wapi, lilitanguliwa na nini, na mwandishi aliishia wapi. Milio ya kompyuta yadai usomaji wa namna hiyo hiyo. Pengine baada ya miaka michache seva za kulia hazitakuwapo tena, na jedwali la Phoenix litakaa pamoja na hati nyingine zinazosomwa na wachache. Lakini vitu vitakavyotuletea habari za upungufu havitakwisha, viwe taa, tarakimu au daftari. Na kila mara atahitajika mtu wa kwenda kwanza uwanjani akaulize mbiu imelilia jambo gani, kabla hajafunga mizigo yake.